Juisi Moja, Vyombo Vitatu: Chardonnay ya Nchi ya Baridi Ichachie Wapi?

Siku tulipokamua Chardonnay ile, zabibu nyeupe ya divai, huko Beamsville kwenye rasi ya Niagara, Kanada, asubuhi ilikuwa nyuzi 6 na vidole vyetu vilikufa ganzi kabla ya saa tatu. Mwenye shamba aliamua kufanya jambo ambalo wengi hulizungumza tu. Aliigawa juisi ya mashada yaleyale katika vyombo vitatu. Ya kwanza ikaingia tangi dogo la chuma cha pua. Ya pili ikaingia pipa kuukuu la mwaloni, lililokwisha kubeba mavuno manne. Ya tatu ikaingia pipa jipya kutoka Ufaransa, ambalo lilinuka kama karakana ya seremala aliyeunguza mkate. Hamira ilikuwa moja na siku ilikuwa moja. Kazi yangu ilikuwa kuosha, kujaza na kuonja, na miezi kumi iliyofuata ya kuonja ndiyo iliyonitoa ujinga niliokuwa nao kuhusu mapipa.

Naandika kwa Mswahili mwenzangu aliyeko Ontario, Oregon, Kent au popote penye zabibu za baridi, ambaye mwaka huu amepata kilo 350 hadi 400 za Chardonnay na anajiuliza azichachushie wapi. Zabibu kiasi hicho zinajaza pipa moja la Burgundy, eneo la divai huko Ufaransa, la lita 228, na zinatoa chupa zipatazo 300. Wengi wakifika hapo hujiuliza kama wanapenda ladha ya mbao. Hata mimi nilianza na swali hilo, na sasa naona ndilo la mwisho kwa umuhimu.

Kwanza tuitazame zabibu yenyewe. Ina asidi kuu mbili, ya tartariki na ya maliki. Hii ya pili ndiyo ya tofaa bichi, inayokukunja uso. Joto huila: tunda likipumua huichoma kama kuni, na kadiri jua linavyozidi ndivyo inavyokwisha upesi. Ndiyo maana zabibu za Dodoma, zinazovunwa mara mbili kwa mwaka na kuivia kwenye joto, huja na sukari tele na asidi kidogo. Chardonnay ya Niagara, au ya Chablis kaskazini mwa Burgundy, huwa kinyume chake. Ile yetu ilikuwa na pH 3.2 (kipimo cha ukali wa asidi; namba ikishuka, ukali unazidi), asidi jumla gramu 9 kwa lita, na sukari ya Briksi 21, ambayo huzaa kilevi cha asilimia 12 hivi. Makali hayo ndiyo mali ya nchi ya baridi. Unapochagua chombo, kwa kweli unaamua kama utayaacha yalivyo au utayatuliza.

Joto

Hamira ikila sukari hutoa joto. Tangi lenye koti la maji baridi unalipangia nyuzi 14 nalo linabaki 14. Letu lilichacha taratibu kwa zaidi ya wiki tatu, na ukifungua mfuniko unakutana na limau, pea na ua jeupe. Hamira ya baridi hutengeneza harufu hizo kwa wingi, na tangi huzitunza.

Pipa halina koti, ila lita 228 si nyingi, na joto hutokea ubavuni. Chumba kikiwa nyuzi 14, katikati ya pipa hupanda hadi 20 au 22 kwa siku chache, kisha hushuka lenyewe. Mapipa yetu yalimaliza sukari ndani ya wiki mbili. Harufu nyepesi za matunda nyingi ziliondoka pamoja na gesi, na divai ikawa imejaa zaidi mdomoni. Kama unachopenda katika divai nyeupe ni lile tunda la kuruka puani glasi ikifika tu, unaweza kuacha kusoma hapa ukanunue tangi. Sitakulaumu.

Mbao, na lile lililonishangaza

Nilidhani kwamba divai ikikaa ndani ya pipa tangu siku ya kwanza lazima itanuke mbao kuliko ile iliyochachia kwenye tangi na kuhamishiwa pipani baadaye. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: muda mwingi, mbao nyingi. Ni kinyume kabisa. Mwaka uliotangulia, shamba lilikuwa limefanya hivyo hivyo, yaani kuchachusha kwenye chuma kisha kuhamishia kwenye pipa jipya. Bado chupa zake zilikuwepo. Ukinywa, unakutana na mbao kwanza, kisha divai, kisha mbao tena. Ile iliyochachia ndani ya pipa jipya ilikuwa na mbao pia, lakini zilikuwa zimeyeyukia ndani yake.

Sababu ni hamira. Ikiwa hai, huichukua vanilini, ile harufu ya vanila inayotoka kwenye mwaloni uliochomwa, na kuigeuza kuwa kitu kisicho na harufu ya kutajika. Hata baada ya kufa, maganda ya seli zake hunasa sehemu ya tanini, ule ukakasi wa mbao, na kuzama nazo chini. Divai iliyokwisha kuchacha na kutengwa na mashapo, yaani hamira iliyokufa, haina mlinzi huyo. Inaingia pipani uchi na kunywa kila kinachotoka ubaoni.

Anayejua mursik hatashangaa. Wakalenjin husugua mkaa ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa, na maziwa hugandia humo humo, yakizoeana na mkaa siku kwa siku. Gandisha maziwa kwenye sufuria kisha uyamwagie kibuyuni dakika ya mwisho, utapata maziwa yenye vumbi la mkaa.

Kwa hiyo mtu akisema “sipendi divai ya pipa,” namuuliza alikunywa ipi. Mara nyingi ni divai ya nchi ya joto iliyokutana na mbao baada ya kuchacha.

Pipa jipya nalo lina aina zake. La Kifaransa hutengenezwa kwa mwaloni wa misitu kama Allier, Tronçais au Vosges. Gogo hupasuliwa kufuata nyuzi zake badala ya kupitishwa msumeno kiholela, kwa sababu mwaloni huo ukikatwa hovyo huvuja. Mbao hukaa nje kwenye mvua na jua miaka miwili hadi mitatu, kisha fundi huzikunja juu ya moto, na kiasi cha kuchomwa kwake ndicho kinachoamua kama utapata harufu ya mbao mbichi, mkate wa kubanika au moshi. Mwaloni wa Marekani hutoa harufu ya nazi zaidi. Sisi tuliokulia pwani tungeweza kuufurahia, lakini kwenye Chardonnay nyembamba ya baridi unatawala meza nzima. Kwa zabibu hizi ningechagua la Kifaransa lililochomwa kwa wastani, au nisichukue jipya kabisa.

Baada ya mavuno matatu au manne, pipa huwa limekwisha kutoa karibu ladha yake yote. Hapo wengi huliita limekufa. Kwangu ndipo linapoanza kufaa, kwa sababu bado linatoa mambo mengine mawili ambayo tangi halitoi.

Hewa na mashapo

Chuma hakipumui. Pipa hupitisha hewa kidogo sana, kwenye maungio ya mbao na kila unapofungua kizibo, na hewa hiyo huilainisha divai polepole. Chini ya pipa kuna yale mashapo, nayo hula hewa ileile na kuizuia isiharibu divai. Mashapo hayohayo hutoa protini zenye sukari zinazoipa divai utelezi na kuisaidia isije ikapoteza uangavu au kuweka chengachenga kwenye chupa. Umbo la pipa huyatandaza katika tabaka jembamba lililo karibu na divai. Kwenye tangi refu hulundikana chini kama tope, na lundo likinenepa bila kuguswa huweza kutoa harufu ya yai viza. Tangi letu lilitoa. Tulihamisha divai mara moja ikapona, lakini kwa siku mbili hakuna aliyetaka kuingia chumba kile.

Kule Burgundy, katika vijiji kama Meursault, wazalishaji wengi huingiza fimbo kwenye tundu la pipa na kuyakoroga mashapo, mara moja kwa wiki au pungufu, hadi kipupwe kiishe. Divai hunenepa. Usikoroge kwa sababu tu umeona picha ya mtu akikoroga. Kila mara unapofungua unaingiza hewa. Kuanzia mavuno ya katikati ya miaka ya 1990, chupa nyingi za Burgundy nyeupe, za bei kubwa kabisa, ziligeuka rangi ya kahawia na kunuka tofaa lililooza kabla ya wakati wake. Mjadala wa chanzo ulikuwa mrefu: vizibo, salfa (dawa ya kulinda divai) kidogo mno, namna ya kukamua, na kukoroga kupita kiasi. Sisi tulikoroga mara nne tu, Novemba na Desemba. Divai yenye makali ya kutosha inaweza kubeba unene huo. Kama mwaka ulikuwa wa joto na pH imefika 3.5, ningeacha fimbo ukutani.

Asidi: mtindi unapoingia

Hapa ndipo nchi ya baridi inapoachana na nchi nyingine, na ndipo ningekutaka utumie muda wako mwingi wa kuamua.

Hamira ikimaliza, bakteria aitwaye Oenococcus oeni anaweza kuingia kazini. Huigeuza asidi ya maliki kuwa ya laktiki, ileile iliyomo kwenye mtindi, na gesi kidogo hutoka. Juisi yenye gramu 4 za maliki kwa lita hupungukiwa na takriban gramu 2 za asidi jumla, na pH hupanda kwa 0.1 hadi 0.3. Tofaa bichi linakuwa maziwa mgando. Njiani bakteria hutengeneza pia diasetili, na hiyo ndiyo harufu ya siagi. Hapa tena mashapo yanakusaidia: hamira huila diasetili, hivyo divai iliyobaki na mashapo yake huwa na siagi kidogo kuliko iliyotengwa mapema.

Pipa hulipokea jambo hili vizuri. Bakteria hujificha kwenye mbao mwaka hadi mwaka, na pipa lililofanya kazi hiyo mwaka jana huenda likaianza lenyewe mwaka huu. Lakini hawapendi baridi, salfa nyingi, wala pH ya chini sana. Wanastawi kwenye nyuzi 18 hadi 22. Chini ya pH 3.1 wanasuasua au hawaamki. Katika maghala ya zamani ya Burgundy ilikuwa kawaida divai kulala kimya majira yote ya baridi kisha kuanza kububujika tena masika ardhi inapopata joto. Mapipa yetu mawili yalifanya vivyo hivyo: kimya hadi mwishoni mwa Machi, halafu asubuhi moja unasikia vizibo vinapiga kwikwi. Muda wote huo divai haina salfa ya kuilinda, kwa hiyo lazima pipa lijae pomoni.

Tangi tulilizuia. Tulilipoza, tukatia salfa mara tu sukari ilipokwisha, na maliki ikabaki. Kwenye pH 3.2, salfa huru ya miligramu 21 kwa lita inatosha kulinda divai nyeupe. Kwenye 3.5 ungehitaji kama 40 kupata ulinzi uleule. Mwenye kupuuza pH hulipa kwa salfa.

Je, ni lazima chuma kiwe na makali na pipa liwe na mtindi? La. Nenda Chablis uone. Zabibu ni moja tu, Chardonnay, juu ya chokaa ileile yenye visukuku vya chaza, na karibu kila mtu huko huacha bakteria wafanye kazi yao, hata kwenye chuma. Kati ya watengenezaji wa huko, Louis Michel hutumia chuma tupu. Raveneau na Dauvissat huilea divai kwenye mapipa ya zamani, mengine ya ule ujazo wa kienyeji wa lita 132. Wote wanaheshimiwa, na hakuna hata mmoja wao anayeuza ladha ya ubao.

Kazi na fedha

Tangi unaliosha kwa maji na dawa, unalifunga, unakwenda zako. Pipa ni kama ng’ombe wa maziwa. Halijui sikukuu.

Hupoteza lita 5 hadi 10 kwa mwaka kwa kuvukiza, na nafasi inayobaki juu ni mlango wa siki. Lazima ujalize kila wiki moja au mbili, kwa divai ya aina ileile uliyoiweka kando kwenye chupa kubwa za kioo. Kama safari zako ni za mwezi mzima mara tatu kwa mwaka, usinunue pipa.

Wakati wa kuchacha ni kinyume: usilijaze. Acha karibu sehemu moja ya tano wazi kwa ajili ya povu. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyelijaza lile pipa jipya hadi karibu na tundu, nikijiona hodari wa kuokoa nafasi. Kesho yake nilikuta kizibo kimeruka, ubavu wa pipa unanata, na sakafu imekuwa karamu ya nzi. Mwenye shamba hakusema neno, alinipa tu brashi. Povu likishatulia ndipo unajaza hadi juu.

Pipa jipya la Kifaransa huweza kupita dola 1,000 za Marekani. Lililotumika hupatikana kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, na mashamba huyaondoa kila mwaka. Ukilinunua, weka pua kwenye tundu kabla ya kutoa pesa. Harufu ya divai na mbao ni sawa. Harufu ya salfa ni dalili njema kwamba lilitunzwa (babu zetu waliiita salfa kiberiti, na njiti zikarithi jina). Harufu ya siki au zizi la farasi, geuka uondoke. Hakuna sabuni ya kutibu hilo, kwa sababu wadudu wamezama ndani ya ubao. Uliza pia lilibeba divai gani, kwani pipa la divai nyekundu litakupa Chardonnay ya waridi.

Utauziwa pia vipipa vidogo vizuri vya lita 20. Viache dukani. Pipa likipungua ujazo, eneo la mbao kwa kila lita huongezeka, na Chardonnay ya baridi inageuka chai ya mwaloni ndani ya wiki chache.

Na vipande vya mwaloni vya kutumbukiza kwenye tangi? Umoja wa Ulaya uliviruhusu mwaka 2006, na si aibu kuvitumia. Vitie wakati divai inachacha, kwa sababu ileile ya hamira, si baadaye. Vinakupa ladha. Havikupi hewa, wala yale mashapo yaliyotandazwa. Kwa mtu mwenye ndoo ya lita 25 na hamu ya kujaribu, vinatosha.

Kama zabibu si Chardonnay

Riesling iache kwenye chuma au kioo. Kule Mosel, Ujerumani, wanayo mapipa yao ya lita 1,000, lakini ni makuukuu yasiyo na ladha, na hawataki siagi karibu na zabibu hiyo. Sauvignon Blanc inaweza kuchachia pipani, na marehemu Didier Dagueneau, mtengeneza divai, alilithibitisha hilo kule Pouilly-Fumé, Ufaransa, ila unabadilisha harufu yake ya majani na unapaswa kujua kwa nini. Kwa mara ya kwanza, nisingeigusa.

Tulichoonja, na nilichonunua

Novemba tangi lilishinda wazi. Tunda tupu, safi, na mapipa yalikuwa machafu na yamekunja uso. Machi nilianza kusitasita: tangi halikuwa na jipya la kusema, pipa kuukuu lilikuwa limetulia. Agosti, baada ya bakteria na miezi ya mashapo, pipa kuukuu lilikuwa na limau, njugu mbichi na chumvi kidogo mwishoni, na ladha haikuondoka hata ulipokwisha kumeza. Pipa jipya lilikuwa zuri kwa glasi moja. Mwenye shamba alichanganya: zaidi ya nusu pipa kuukuu, theluthi tangi kwa ajili ya makali, na kidogo tu kutoka pipa jipya, kama mtu anavyotia hiliki kwenye chai.

Basi kama una muda wa wiki kwa wiki na zabibu zenye pH ya 3.1 hadi 3.3, chukua pipa moja kuukuu lenye harufu safi, na chombo kidogo cha chuma au kioo cha kuhifadhi akiba ya kujalizia. Ukiwa na zabibu zilizoiva kwa shida, asidi gramu 10 na kilevi hakifiki 11, tangi halitazificha, lakini pipa jipya litazizika. Hizo bado ningezichachushia kwenye chuma na kuwaachia bakteria wazilainishe humo. Ukiwa na kazi ya zamu na safari, chuma. Pipa jipya linunue siku utakapokuwa na mapipa manne, ili ladha yake igawanyike.

Mimi nililinunua pipa la mavuno manne. Liko chumba cha chini cha nyumba, maana gereji ya Ontario Januari hugandisha hata siki, na tuliliteremsha tupu kwa kamba, kwa kuwa likijaa linapita kilo 270. Machi nilivifungia vyuma vyake blanketi la umeme, nyuzi 19. Jumapili baada ya ibada nafungua kizibo, najaliza nusu chupa, naonja kijiko kimoja. Mke wangu anasema vijiko vimezidi kuwa vikubwa.